Mkebe wa Pili wa Bwana Laban

Kilifi, Ijumaa, 28 Novemba 1986. Leo Bwana Laban Thuku, msoma mita wa ofisi yetu ya maji, anastaafu baada ya miaka ishirini na sita ya kazi. Ni miaka ishirini na sita hiyohiyo tangu aondoke Nyeri, alikozaliwa.

Alikuja kwa mwaka mmoja tu. Ndivyo alivyotuambia sisi wa bara tuliomtangulia, nasi tukamcheka kwa adabu, maana kila mmoja wetu aliwahi kusema hivyo.

Amesoma mita za Takaungu, Tezo na Matsangoni kwa baiskeli moja, ile isiyo na breki za mkononi: ukitaka kusimama, unakanyaga pedali kinyume. Breki yote imo ndani ya habu, kitovu cha gurudumu la nyuma, na habu hiyo ameitunza kuliko faili zake. Kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi huipindua baiskeli uani, huifungua habu, huosha gololi kwa mafuta ya taa, huzihesabu mara mbili, kisha hupaka grisi kwa kidole kimoja. Kuomba kumsaidia ni kumtukana.

Mwaka wa 1968 grisi iliadimika. Mimi, kwa nia njema, nilimpa chupa ya mafuta ya nazi. Jumatatu yake aliteremka mlima wa kivukoni akikanyaga kinyume bila faida, akaipita foleni nzima, akaingia ndani ya feri na kusimamishwa na magunia ya makaa. Mwambire, mkata tiketi, alimwambia tu, "Bwana Mita, foleni inaanzia kule juu." Wiki nzima alinukia wali.

Lakini hajawahi kukisia mita, hata ile ya Takaungu iliyohamiwa na nyuki.

Kabatini kwake nyumbani mlikuwa na mkebe wa pili, wa grisi nzito, alioununua 1961 na asiufungue. Ni wa milima ya kwetu, alieleza. Huko breki hii hushika moto na grisi nyepesi huyeyuka. Angeipaka siku ya kurudi. Mkewe Kache, mzaliwa wa Tezo, huupangusa vumbi na kuuliza, "Baba Hannah, mgeni huyu anaondoka lini?"

Mara ya mwisho alikwenda Nyeri 1974, kumzika mama yake. Alirejea siku ya nne, akatuambia kwamba aliyemfungulia mlango alimwuliza yeye ni mgeni wa nani.

Jumamosi iliyopita tulijaa uani kutazama habu ikifunguliwa kwa mara ya mwisho hapa ofisini. Kamati ya kumuaga ilikuwa imekwisha kuulizia basi. Laban alipaka grisi nyepesi, ya njia zetu za mchanga. Kisha akautoa ule mkebe mzito na kumpa Charo, mwendesha pampu wa Tezo, akautumie kazini.

Asante, Bwana Laban, kwa kila namba uliyoisoma kwa macho yako. Njia yako na iwe tambarare, na bomba lako lisikauke kamwe. Kamati haitakata tiketi ya basi. Harudi Nyeri.