Historia ya Immaculate Wakesho, Aliyesemekana Kufuta Kompyuta za Ushirika

Baba Mchungaji, wazee wa pande zote mbili, majirani na nyote mliofika hapa Maungu na jua hili, historia hii inasomwa na Evelyn, dada mkubwa wa marehemu, kwa niaba ya familia ya Mzee Nzuki na familia ya Mzee Mwandawiro, naye anaomba mapema mumvumilie, kwa maana si fupi, na mahali pengine si tamu.

Immaculate Wakesho alizaliwa tarehe 11 Aprili 1985 katika kijiji cha Rukanga, Kasigau, akiwa mtoto wa tatu wa Mzee Mwandawiro na Mama Tryphena, mwaka ambao ndovu walirudi shambani mara kwa mara hadi mahindi yakaisha kabla ya kukomaa, kwa hiyo alipokelewa na nyumba isiyokuwa na akiba, ingawa mamake husema hakuna mtoto wake mwingine aliyebebwa na majirani wengi kama huyu.

Alisoma shule ya msingi hapo kijijini kuanzia mwaka 1992 hadi 1999, na waliosoma naye wanakumbuka kwamba maji ya bomba yalipokatika na watu wazima wakaanza kulaumiana penye mfereji, yeye alikuwa akiufuata mpira wa maji kupanda mlima mpaka afike mahali maji bado yanapita, halafu anarudi chini polepole akitafuta yanapopotelea. Mwaka 2000 alijiunga na shule ya upili ya wasichana huko Wundanyi, akamaliza 2003, kisha akaenda chuo Mombasa kusomea kompyuta, akahitimu Novemba 2006 akiwa na stashahada na miwani.

Kuanzia 2007 alifanya kazi katika duka la kompyuta mjini Taveta, akitengeneza mashine za mawakala wanaopitisha mizigo kwenda Holili, ng'ambo ya mpaka, watu wasiojua kungoja, na ni kwao alikojifunza kutojibizana na mtu anayepiga kelele. Tarehe 1 Juni 2011 aliajiriwa Voi, katika ushirika wa akiba na mikopo ambao familia imeamua usitajwe jina leo, ingawa wengi wa viongozi na wanachama wake wameketi hapa mbele kwenye viti vya kivuli, akawa msimamizi wa kompyuta zote za ofisi ile. Aliyemwajiri ni meneja, Mzee Obadiah Wambua, na tunasema kwa moyo mweupe kwamba alimpenda kama binti yake.

Tarehe 8 Desemba 2012 Immaculate alifunga ndoa kanisani na Tom Mwangangi, mwana wa Mzee Nzuki na Mama Mutindi wa hapa Maungu, mfanyabiashara wa nafaka katika soko la Voi, na wasimamizi wao wa harusi walikuwa Mzee Obadiah na mkewe, Mama Priscilla. Mnajua wenyewe msimamizi ni nani kwetu. Si mtu wa kusimama kwenye picha tu, ni mzazi wa ndoa, ndiye mnayemkimbilia mkikosana, na neno lake halirudishwi wala kosa lake halianikwi. Mungu akawajalia watoto wawili, Valentine, aliyezaliwa mwaka 2014, na Derrick, aliyezaliwa mwaka 2018, na baada ya kumzaa Derrick ndipo Immaculate alipoambiwa ana presha, akaanza dawa.

Kijitabu mlichoshika mkononi, ambacho mwajiri aliomba akione kabla hakijachapishwa, kinasema kwamba marehemu alifanya kazi kwa bidii hadi alipoacha kazi. Hakuacha kazi. Alifukuzwa, na kwa kuwa Voi yote imesimuliwa alivyofukuzwa na mtu asiyekuwepo, leo itasikia kutoka kwa waliokuwa wakimpikia chai.

Mwishoni mwa mwaka 2024 ushirika uliamua kompyuta zote ziwekewe Windows mpya, na badala ya kuzunguka na kuweka moja moja, Immaculate aliandaa seva moja iliyopeleka mfumo huo kwa mashine zote kupitia nyaya za ofisi. Kompyuta inapowaka kwa kazi hiyo huuliza kwenye nyaya ipewe anwani, seva inajibu, kisha inaipa kila inachohitaji. Zile za ghorofa ya chini zilikubali siku ya kwanza, za juu zikagoma, zikabaki na kioo cheusi na maandishi meupe, na Immaculate akafanya kama alivyofanya Rukanga, alibadilisha waya, haikusaidia, akabeba kompyuta iliyogoma akaishusha chini, ikakubali bila ubishi, akajua ugonjwa haumo ndani ya kompyuta, basi akaufuata waya wa juu hatua kwa hatua mpaka ukamwingiza ofisini kwa meneja, nyuma ya pazia.

Huko alikuta kisanduku cha Wi-Fi ambacho Mzee Obadiah alikileta kutoka nyumbani ili simu yake na za wageni wake zipate mtandao, naye alikichomeka kwenye tundu la ukutani bila kumwambia mtu. Kompyuta za juu zilipouliza anwani, kisanduku kilitangulia kujibu, na kwa kuwa hakikuwa na kitu kingine cha kuzipa, zilikaa zikingoja kama mgeni aliyeelekezwa nyumba isiyo na watu. Immaculate alimweleza kwa upole, na mzee akacheka, akasema, "Kumbe ni haka tu? Toa, mama, toa kabisa." Kikatolewa, kazi ikaenda, naye alirudi nyumbani siku hiyo akiimba.

Jumamosi tarehe 4 Januari 2025, ofisi ikiwa imefungwa, aliwasha kompyuta za madirishani, zile za kuhudumia wanachama, ambazo alikuwa amezibakiza mwisho kwa makusudi, akahakikisha zote zimeanza vizuri, akaenda nyumbani kama mtu yeyote mwenye mume na watoto. Alasiri hiyo nyumbani kwa Mzee Obadiah sebule ilikuwa na kina mama wa kanisa, naye akaenda ofisini kutazama mpira kwenye simu kwa raha zake, akakirudisha kisanduku kwenye tundu. Zile kompyuta zilikuwa tayari zimefutwa mfumo wa zamani, na katikati ya kazi huzimika na kuwaka upya, zikiwaka huuliza anwani tena, na safari hii aliyejibu alikuwa kisanduku. Zikafa zote, hazina mfumo wa zamani wala mpya.

Jumatatu tarehe 6 shule zilifunguliwa, wazazi walijaa mpaka barabarani wakitaka karo, na hakuna dirisha hata moja lililoweza kumhudumia mtu. Hakuna akiba iliyopotea, hesabu zilikuwa salama kwenye seva, lakini nani angeeleza hayo kwa mzazi aliyeacha mtoto na sanduku stendi? Mzee Obadiah alisimama mbele ya wanachama akasema, "Poleni sana wananchi, mtaalamu wetu ametuangusha." Immaculate alikuwa nyuma yake, ndiyo kwanza ametoka nyuma ya lile pazia, alikokuta taa za kisanduku zinawaka.

Alizirudisha kompyuta zote kazini, lakini kamati ilimwita, ikamuuliza chanzo, akasema ni hitilafu ya mtandao, ikamuuliza imetokana na nini, akainamisha kichwa. Nyumbani Tom alimsihi aseme ukweli. Mama mkwe wake akamwambia kwamba anayemvua nguo msimamizi wake ameivua ndoa yake, na Immaculate mwenyewe akasema hakuna haja ya kubishana, mzee atasema, mzee anamcha Mungu, tumpe nafasi aseme mwenyewe. Tarehe 28 Februari 2025 alipewa barua ya kufukuzwa kwa uzembe. Mzee Obadiah alikuja nyumbani na unga na sukari, akaomba sala ndefu nzuri, akanywa chai, akaenda zake.

Heshima si utumwa, walisema wahenga, lakini hawakumwambia mtoto wetu mpaka wake uko wapi. Aliomba kazi Voi, Taveta, hadi Mata kwa wakulima wa ndizi, na kila ofisi ilimuuliza, "Si ni wewe ulifuta kompyuta za ushirika?" Valentine aliambiwa shuleni na mwenzake, "Mamako alikula pesa za watu kwa kompyuta," akarudi nyumbani akauliza kama ni kweli, na mamake akamjibu kwamba kuna mtu atakuja kulieleza jambo hilo vizuri. Hakuja mtu, na hilo linatuuma kuliko hata kifo hiki.

Tarehe 17 Julai 2025 presha ilipanda, akaanguka jikoni, akalazwa Voi, kisha Mombasa, upande wa kulia ukiwa umekufa na maneno yamempotea. Familia haisemi kisanduku kiliua mtu, presha alikuwa nayo miaka saba, ila kazi ilipokwenda bima ilikwenda nayo, na dawa zikawa za leo zipo kesho hazipo. Alifariki Alhamisi tarehe 2 Oktoba 2025, alfajiri, mumewe akiwa amemshika mkono, naye marehemu akiwa na umri wa miaka arobaini.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa Voi na Mombasa, hawakuchoka. Tunawashukuru majirani wa Birikani, alikokuwa akiishi, waliokaa na watoto, na wenzake wa kazini, hasa Nzilani wa dirishani, aliyekuja hospitali kila mwisho wa wiki ingawa alionywa asionekane. Tunamshukuru Mama Priscilla, ambaye jana alilia na sisi na hatukumuuliza kitu. Tunamshukuru pia Mzee Obadiah kwa hema hili na viti hivi.

Ratiba inasema anayefuata kuzungumza ni mwakilishi wa mwajiri, naye ni mzee huyohuyo, na wako waliotaka jina lake likatwe, lakini Tom amekataa, amesema mkewe alitaka mzee apewe nafasi, basi apewe. Hatuombi fidia, wala hatuombi mtu afukuzwe kazi. Valentine ameketi pale, mstari wa kwanza, kando ya babake, bado anamngoja yule mtu aliyeahidiwa atakuja kueleza. Mzee, kipaza sauti hiki hapa, na kaburi halitafunikwa mpaka umalize.

Wakesho, mwana wa mama yetu, wewe umekwisha kungoja, pumzika kwa amani.