Ndoo Nyuma ya Mlango

Sogeeni, wanangu, na atakaye kulia akalie ukumbini, kwani sauti niliyosaliwa nayo haitoshi kushindana na kilio. Kifunguamimba, keti nikuone. Kitindamimba, niinulie mto. Na wewe mdogo wangu, nishike mkono, ila usinijibie.

Karakana hii imetulisha kwa magamba ya konokono wa baharini asiyezidi punje ya hindi. Gamba lake mnalijua: mistari ya kijivu iliyozunguka hadi kileleni, na ndani ya mdomo rangi ya zambarau iliyoiva. Anachojitia kutokijua mmoja wenu ni makazi yake. Haishi popote penye maji. Huishi chini ya mawe ya ukingo wa mwisho wa mwamba, yale yanayofunuliwa na bamvua tu, maji yanapokupwa kupita siku zote, upande wa kivuli na unyevu, akila utando wa mwani. Ukiligeuza jiwe ukaliacha chali, umemwezua paa na mayai yake umeyaanika.

Chovya chovya humaliza buyu la asali. Ami yenu, kule mwamba wa pili, aliwachukua walio hai akawachemsha, kwa kuwa gamba la aliye hai hung'aa na wanunuzi hupenda king'aacho. Mwani ukakosa wa kuula, ukaota hadi mawe yakateleza kama sabuni, na hadi leo konokono hakurudi. Yeye nimemsamehe juzi. Tendo lake sijalisamehe, wala msinisaidie kulisamehe.

Sasa wewe, Kifunguamimba. Jana nilisikia utepe wa kupimia ukivutwa ukutani, nikacheka mpaka kifua kikaniuma, maana hata kaa anayerithi gamba tupu hungoja kwanza mwenyewe atoke. Hilo si kitu. Mrithi ana haraka zake. Lakini leo nasikia kukwaruza ndani ya ndoo nyuma ya mlango, na karakana hii haijapata kuwa na gamba linalotembea. Umeniambia ni mzigo mmoja tu, wa mteja mmoja tu. Mwanangu, huo mmoja ndio ami yako alioanza nao.

Basi lishikeni neno langu. Karakana ni yenu wawili, sawa kwa sawa, na Kitindamimba ndiye atakayechagua magamba, kwani jicho lake halihadaiki na mng'ao. Mwamba siwarithishi, kwa kuwa sikuumiliki. Nawarithisha miko yake: kuokota lililo tupu, na kulirudisha jiwe lilivyolala. Atakayemchemsha aliye hai asiiguse keekee yangu ya kutobolea magamba, awe nani.

Maji yamekupwa, na bamvua haingoji maziko. Kifunguamimba, inua ndoo. Waweke kivulini, mmoja mmoja, midomo yao ikilielekea jiwe. Usiwamwage kama taka. Kitindamimba, kamsaidie kugeuza mawe, mgongo wake si wa jana.

Najua mnataka kubaki. Msibaki. Radhi zangu mnazo tangu sasa, msije mkadhani zimesubiri pumzi yangu ya mwisho: riziki iwajue kwa majina, na kazi ya mikono yenu isiwaaibishe mbele ya watoto wenu. Mkinikuta, nitauliza mawe mmeyalazaje... Msiponikuta, mdogo wangu atauliza kwa niaba yangu.

Nenda, mwanangu. Polepole kwenye ngazi, maji yasimwagike... Na mlango uache wazi, niwasikie mkishuka.