Aliyewapiga Picha

DADA: Haloo! Haloo… nani mwenzangu? Namba hii siijui.

MDOGO: Ni mimi.

DADA: Mimi wako wengi. Mimi nani?

MDOGO: Mdogo wako, dada.

DADA: Ehee. Kumbe namba yangu unayo.

MDOGO: Shikamoo, dada—

DADA: Marahaba. Subiri nifunge bomba, maji yanapiga kelele. [bomba linafungwa] Haya. Hamjaondoka?

MDOGO: Bado. Wenzangu wako getini wananunua miche. Mimi nimejificha nyuma ya basi. Dada, sikujua kama uko hapa, haki ya Mungu. Mimi najua uko kule kwenye kiwanda cha sabuni.

DADA: Kiwanda kimefungwa tangu mwaka jana. Nilikupigia nikuambie nimepata kazi bustanini. Haipatikani, haipatikani, mpaka nikachoka.

MDOGO: Nilibadilisha laini.

DADA: Nimeona.

MDOGO: Nilitaka ku— [mtandao unakwaruza] —lakini kazi, dada, mambo mengi—

DADA: Sikusikii.

MDOGO: Nasema nilitaka kukupigia!

DADA: Usipaze sauti, watakusikia.

MDOGO: Umekonda.

DADA: Ni jua hilo. Maua haya yanachanua wiki tatu tu, ila sisi tunayainamia mwaka mzima. Yule kijana mrefu ndiye mchumba?

MDOGO: Ndiye.

DADA: Ana adabu. Kanipa simu yake kwa mikono miwili: “Mama, tafadhali tupige picha, maua yaonekane nyuma.” Nikainua simu, nikakuona katikati yao umependeza. Nikasema sasa atapiga ukelele, atanirukia. Meno uliyaota mgongoni kwangu wewe, mama hayupo—

MDOGO: Dada, nisamehe—

DADA: Usiniambie hukunitambua.

MDOGO: Nilikutambua.

DADA: Ukasema, “Asante sana, mama.” Mama! Kama wageni wote.

MDOGO: Nilishtuka! Una matope mpaka magotini, wao wote wananitazama… ningesema nini pale?

DADA: “Huyu ni dada yangu.” Maneno manne.

MDOGO: Si rahisi hivyo.

DADA: Kwa nini? Uliwaambia mimi ni nani? Mkurugenzi? Niko ng'ambo?

MDOGO: Dada, tuyaache hayo.

DADA: Sema.

MDOGO: Siku ya kwanza kabisa waliniuliza nyumbani mko wangapi. Ikanitoka tu, dada.

DADA: Ikakutoka nini?

MDOGO: Kwamba nimebaki peke yangu.

DADA: Umebaki. Mimi nilikufa na nini?

MDOGO: Dada, usi—

DADA: Nauliza. Mtu si ajue kilichomuua?

MDOGO: …Ajali.

DADA: Haya. Afadhali, sikuugua.

MDOGO: Usinicheke, dada, naumia.

DADA: Nani kacheka? Nisikilize. Mlipokuwa mnakula kule kivulini, mama mkwe wako alinifuata peke yake mpaka kwenye tuta langu.

MDOGO: Alikuja kwako? Alitaka nini? Ulimwambia nini?

DADA: Akanikazia macho. “Mbona umefanana hivi na mkwe wangu? Hiyo pua ni yake tupu.” Akaniuliza kama nina ndugu.

MDOGO: Mungu wangu. Ukasema?

DADA: Nikasema nilikuwa na mdogo wangu wa kike. Nimempoteza.

MDOGO: [analia] Asante. Asante, dada—

DADA: Unanishukuru?

MDOGO: Ungeniharibia kila kitu—

DADA: Yule mama alitokwa na machozi. Kanishika mkono huu huu wenye udongo, akanipa pole. Mtu baki.

MDOGO: Nitarekebisha. Nitawaambia taratibu, harusi ikishapita. Nipe muda tu—

DADA: Harusi yenyewe lini?

MDOGO: Mwezi— [honi ya basi] Ngoja. [hatua zinakaribia] Ndiyo, fundi! Gauni liache hivyo hivyo, usilipunguze tena kiunoni.

DADA: Nini?

MDOGO: Nitapita kulijaribu Jumatatu, fundi. Niko safarini na wakwe zangu, basi linataka kuondoka.

DADA: Yuko hapo karibu yako?

MDOGO: Ndiyo, fundi.

DADA: Mama mkwe?

MDOGO: Ndiyo. Eeh… anakusalimia.

DADA: Mpe simu, nimwitikie salamu yake.

MDOGO: Haloo? Fundi, mtandao mbaya huku! Sikusikii!

DADA: Mimi nakusikia vizuri.

MDOGO: Haloo? Haloo? … Imekatika, mama. Twende.

DADA: Haijakatika.