Dada Yetu, Mpima Vichwa vya Watoto

Ndugu, jamaa na marafiki mliokusanyika, anayewasomea haya ni kitinda mimba wa familia, aliyeishia darasa la saba lakini kwa kuongea hajapata mpinzani, hivyo mtamvumilia.

Marehemu dada yetu alizaliwa Jumanne, tarehe 14 Machi 1961, katika chumba kilicho nyuma ya duka la mama yetu, fundi cherehani, akiwa wa kwanza kati ya watoto wanne, na inasemekana alilia kwa sauti iliyosimamisha cherehani mbili kwa mpigo, jambo ambalo mdogo wake huyu analithibitisha ingawa alikuwa bado hajazaliwa.

Alianza shule Januari 1968, akahitimu udaktari tarehe 5 Desemba 1987, siku ambayo mdogo wake huyu alitangazia mtaa mzima kwamba naye sasa ni nusu daktari, akaanza kuandikia watu dawa za kikohozi, mpaka dada akaja kumvua koti jeupe la udaktari alilojivika, mbele za watu.

Februari 1989 aliajiriwa wodi ya watoto, na mwaka 1993 akapewa chumba namba nane, chenye dirisha moja na kabati lisilofungika, afanye utafiti juu ya maji yanayojaa ndani ya vichwa vya watoto wachanga na kuugandamiza ubongo, ugonjwa ambao ukigunduliwa mapema mtoto huwekewa mrija mwembamba wa kuyatoa, na ukichelewa ndiyo basi tena.

Aliolewa tarehe 20 Juni 1992 na shemeji yetu mpole, mpiga picha za eksirei, na hata siku hiyo, akiwa na shela kichwani, alionekana akipima kichwa cha mtoto wa mgeni, wakajaliwa binti mwaka 1994 na mwana mwaka 1996.

Agosti 1997 kazi ilikuwa imeiva, watoto mia tatu na kumi na wawili wamepimwa vichwa kila mwezi kwa tepu, maana kichwa kinachokua upesi mno ndiyo dalili ya maji hayo, hotuba ya kuwasomea wakubwa wa hospitali matokeo iko tayari, ndipo mama yetu akapita chumba namba nane kuleta nguo za wajukuu, akaichukua tepu hiyo mezani, akailinganisha na ile ya shingoni mwake, akasema, "Mwanangu, hii imelegea, ungenikatia suruali kwa hii ningekufukuza kazi."

Tepu ile ya kitambaa ilikuwa ikioshwa kila siku kwa dawa ya kuua vijidudu, ikavutika polepole kwa sentimeta moja na nusu, maana yake kila kichwa kiliandikwa kidogo kuliko kilivyo, na dada, binti wa fundi, aliyekulia chini ya meza ya kukatia nguo, hakuwahi kuikagua.

Mkuu wake alimwambia, "Daktari, wewe soma tu hotuba, nani atajua?" naye akamjibu, "Vichwa vinajua, mzee," akaichana hotuba, akavaa tepu ya mama shingoni, akatoka na muuguzi mmoja, nyumba kwa nyumba, wiki tano mfululizo, akiomba radhi kila mlango kabla hajaketi.

Walipatikana watoto kumi na mmoja ambao daftari lilisema wazima, kumi wakawahi upasuaji, na wa kumi na mmoja, mtoto wa kike wa miezi saba, hakuwahi, na kadi yake ilikaa juu ya meza ya dada miaka yote, wala hakuruhusu mtu aihamishe.

Tangu hapo, kila Jumatatu tepu zote zilipimwa kwa rula ya chuma, na kliniki nyingine nyingi zikaiga.

Alianza kuugua moyo Novemba 2021, akalazwa tarehe 3 Machi 2024, akamuuliza muuguzi aliyekuja na kipimo cha presha, "Hicho chenyewe mmekipima lini?" na akatutoka Jumamosi, tarehe 9 Machi, saa nne asubuhi.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliovumilia maswali yake, majirani waliotupikia, na wenzake wa chumba namba nane.

Zaidi tunamshukuru seremala aliyetengeneza jeneza hili, mmoja wa wale kumi, ambaye jana alifika nyumbani na tepu yake, na kabla hajampima dada akaomba kwanza rula ya chuma.

Dada, jeneza limekaa sawasawa, sentimeta kwa sentimeta, lala humo kwa amani.