Hakuna Fomu ya Magunia

Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya mifugo. Mwenyekiti wa Bodi ya Nembo ya Ubora. Ndugu Mkurugenzi wa kiwanda cha maziwa, ambaye ukumbi huu ni wako. Mzee wetu Mkaguzi Mkuu, tunayekuaga leo baada ya miaka thelathini na moja ya utumishi, pamoja na mama aliyeketi kando yako. Ndugu wageni waalikwa. Na ninyi wafugaji wenzangu mliosimama kule nyuma kwa kuwa viti vimeisha: habari za mchana.

Mimi ni katibu wa kituo cha kukusanyia maziwa. Wengi mnaniita Mama Kipimo, kwa sababu kila asubuhi natumbukiza kipimo kwenye ndoo zenu na kumwambia aliyeongeza maji kwamba ameongeza maji. Nimeombwa kusema maneno machache ya shukrani kwa niaba ya wafugaji. Niliuliza, "Machache kama mangapi?" Nikajibiwa: dakika tano, na yawe mazuri. Kwenye dakika nitajitahidi.

Nianze na sifa, maana mzee anazistahili, na sitaki mtu aseme nimekuja kumvunjia heshima mbele ya mkewe. Mzee, hukuwahi kula rushwa. Hukuwahi kupokea hata chupa ya maziwa. Siku moja mvua ilikukuta kwangu, nikakukaribisha chai, ukaniambia, "Mama, nikiinywa chai yako nitaandikaje ripoti?" Ukasimama ukingoni mwa paa la banda, bega moja ndani na moja linalowa, mpaka mvua ikakatika. Nani hapa anaweza kusimama aseme ulimpendelea jirani yake? Hakuna. Ulitubana wote sawasawa.

Sasa naomba niwasimulie habari za kaka yangu.

Kaka yangu mkubwa ndiye yule mnayemwita Mzee Sabuni. Jina hilo hakulipata bure. Kila ndoo aliiosha mara tatu, na mikono aliisugua hadi viwikoni kama daktari anayekwenda kupasua mtu. Marehemu wifi yangu alizoea kusema, "Laiti ningezaliwa ndoo, ningeshikwa vizuri." Alikuwa na ng'ombe sita. Katika miaka kumi na minne niliyopima maziwa yake, sikuyarudisha hata siku moja.

Nembo ya Ubora ilipoletwa, yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kujiandikisha. Tuliambiwa kiwanda kitapokea maziwa ya wenye Nembo peke yao, na kwamba Nembo nayo itatulinda dukani: mnunuzi akiiona kwenye pakiti atajua haya ni maziwa ya watu wetu, yaliyokamuliwa kwa usafi. Kaka aliamini. Akamwaga zege kwenye sakafu ya banda. Akatengeneza kabati la dawa na kulitia kufuli. Akawavisha ng'ombe wote hereni za namba. Mlangoni akabandika lile bango la NAWA MIKONO, ingawa hakuna mtu mwingine aliyeingia banda lile. Nilipomcheka alisema, "Nitakuwa najikumbusha mwenyewe."

Mwaka jana, mvua zilipokwisha, mzee wetu Mkaguzi alikuja kukagua. Mimi nilikuwapo. Alizunguka saa mbili nzima. Sakafu safi. Maji safi. Viwele visafi. Mwishoni akaomba daftari la matibabu. Kaka akalileta limefungwa kwenye mfuko wa plastiki. Mzee akalifungua, akavua miwani, akaivaa tena.

"Hii ni penseli."

"Ndiyo, mzee. Banda lina unyevu, wino unachuruzika. Penseli inabaki."

"Kanuni inasema wino."

"Lakini niliyoandika si ni ya kweli?"

"Sijasema si ya kweli. Nimesema ni penseli."

Kaka akaomba akae palepale ayaandike upya kwa wino. Mzee akamwambia hapana, huko kutakuwa kughushi kumbukumbu. Na kwa mujibu wa kitabu chake alikuwa sahihi. Kaka yangu akasimamishwa miezi mitatu.

Mheshimiwa Waziri, ninyi miezi mitatu mnaihesabu kwa kalenda. Sisi tunaihesabu kwa viwele. Ng'ombe hasimamishwi kwa barua. Asubuhi na jioni lazima akamuliwe, la sivyo kiwele kinavimba na kuoza. Kwa hiyo kaka alikamua, na maziwa yale hakuna aliyeruhusiwa kuyapokea. Aliyemkatalia alikuwa nani? Alikuwa mimi, mdogo wake, mbele ya foleni nzima. Nilitumbukiza kipimo kwa mazoea tu. Maziwa yalikuwa mazuri kama siku zote. Nikamwambia, "Kaka, siwezi."

Akasema, "Najua, mdogo wangu. Fanya kazi yako."

Akaibeba ndoo, akatoka nje ya geti, akayamwaga yote mtaroni. Kisha akaenda bombani, akaiosha ile ndoo mara tatu.

Mwezi wa pili tulikuja hapa kiwandani kumwombea, yeye na mimi na wafugaji wawili. Mapokezi palikuwa panapakwa rangi, tukaambiwa tusubiri kwenye uwanja wa kushushia mizigo. Pale palikuwa na lori linashusha magunia. Yalikuwa ya maziwa ya unga, kutoka nje. Kaka akamfuata kuli mmoja mwenye gunia begani.

"Ndugu yangu, ng'ombe wa haya maziwa ana namba gani sikioni?"

Kuli akacheka. "Mzee, huyu ng'ombe hana hata sikio."

"Na dawa alizochomwa ziliandikwa wapi? Kwa wino?"

Kuli aliendelea kucheka. Kaka hakuwa anacheka. Ilibidi nimshike mkono nimwondoe pale.

Ndani, Ndugu Mkurugenzi, ulitupokea vizuri, hilo sitalikana. Ulitupa kila mmoja pakiti ya maziwa yenu. Mbele kuna picha ya ng'ombe anakula majani, na juu ya picha kuna Nembo. Nikakuuliza: kama humu ndani kuna unga wa magunia yale, Nembo hii ni ya nani? Ukanijibu, "Nembo ni ya kiwanda. Kiwanda kimekaguliwa, na kiwanda ni kisafi." Ukaongeza kwamba unga ni wa bei nafuu na hauna usumbufu. Niliyaandika maneno hayo siku ileile, na niliyaandika kwa wino.

Kutoka hapo nilikwenda moja kwa moja ofisini kwako, mzee. Nilikuuliza swali moja: nani anakagua magunia? Ulifungua droo, ukatoa fomu zako zote. Ya sakafu, ya maji, ya dawa, ya malisho. Ukazipanga mezani, ukazipangua, ukazipanga tena, kama mtu anayetafuta kitu na anajua hakukiweka. Kisha ukasema, "Mama, hakuna fomu ya magunia."

Nikauliza, "Katika miaka yote hii, umewahi kuiomba?"

Ukageuka ukatazama dirishani.

Mzee, penseli nimeshakusamehe, maana ulikuwa unafuata kanuni. Lile dirisha ndilo lililonishinda. Mtu aliyeweza kuona mstari wa penseli ndani ya banda lenye giza, alishindwaje kuona lori zima?

Kaka hakuweza kuumaliza mwezi wa tatu. Aliuza ng'ombe watano, akambakiza mmoja aliyekuwa na mimba. Aliwauza kwa mchinjaji, kwa sababu nani atanunua ng'ombe wa maziwa ambaye maziwa yake hayana pa kwenda? Asubuhi ile, kabla gari halijafika, aliwaogesha wote watano. Jirani akamwambia, "Mzee, hao si wanakwenda kuchinjwa? Unawaosha ya nini?" Akaenda kuchota ndoo nyingine ya maji. Siku tisa baadaye ikaja barua ya kumrudishia Nembo. Iliandikwa: "Tunakupongeza kwa kurekebisha kasoro."

Makofi hayo ya huko nyuma naomba myaweke kwanza.

Mheshimiwa Waziri, miaka miwili iliyopita wafugaji mia moja na kumi na wanane walileta maziwa kituoni kwangu. Leo asubuhi wameleta arobaini na watatu. Hatukatai kukaguliwa. Tunakataa kukaguliwa peke yetu. Wiki iliyopita hao waliobaki walikutana, wakanituma niseme hivi mbele yako: kuanzia tarehe mosi, hakuna mkaguzi atakayeingia kwenye banda la mmoja wetu mpaka kwanza apite kwenye uwanja ule wa magunia, na fomu mkononi. Kiwanda kikiyakataa maziwa yetu kwa ajili hiyo, kiyakatae. Tutayabeba wenyewe mlango kwa mlango, na tutakayemuuzia tutamwambia yametoka kwa nani.

Mzee wetu, nimebakiwa na zawadi. Mkeo ameniambia kwamba mkistaafu mnataka kufuga kidogo. Yule ng'ombe aliyebaki alizaa ndama jike. Kaka amemtoa, na sasa hivi amefungwa pale nje karibu na geti. Mwenyewe hakutaka kuja, ila amenipa maneno nikufikishie. Amesema: "Mwambie sijamsamehe bado, lakini ndama hana kosa. Siku atakapozaa, mzee akiona anashindwa kumkamua, aje nimwonyeshe. Aje na mikono tu, karatasi aziache kwake."

Waheshimiwa, nawashukuru kwa kunipa masikio yenu. Wafugaji wenzangu, chakula cha wageni hatutakisubiri. Twendeni, saa ya kukamua imefika.