Makasia Niliyoyaficha kwenye Matete ya Bahi

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe na watu wa Ihumwa, asifiwe na watu wa Zuzu, asifiwe na ninyi mliotembea siku nyingi toka Mlali na vumbi bado lipo miguuni! Mbukwenyi, kwa salamu yetu ya Kigogo!

Mimi ni Raheli, wa darasa la juu hapa shule ya misheni. Wengi wenu hamnijui, kwa sababu siku zote naketi nyuma ya nguzo. Nikiulizwa swali darasani, jibu ninalo, lakini halitoki. Kwa hiyo haya nimeyaandika kwanza katika daftari langu, usiku sita mfululizo nikifuta na kuandika tena, na leo nayasoma.

Ndugu zangu, mmekwisha kusikia kwamba tuliokolewa ziwani Bahi. Mmeimba, mmeshukuru. Lakini mmesikia nusu tu. Nusu nyingine ninayo mimi.

Kabla ya siku ile nilikuwa mtu wa namna gani? Nilikuwa na wivu! Naam, wivu wa mambo ya Mungu. Marta anaimba mpaka wamama wanalia. Foibe anaomba kwa sauti, maneno yanateremka kama maji ya korongo wakati wa masika. Mimi je? Mimi nafunga macho na kunyamaza. Nikajiambia, Mungu hana ushahidi wowote kwamba Raheli anamwamini. Nikawa natafuta tendo moja, hata likiwa la siri, nimwonyeshe.

Sasa mnajua kwamba yule Bwana Mdachi wa reli, injinia, ana mashua ya injini kule Bahi. Ni ya starehe tu, ya kuwindia bata ziwa linapojaa. Mwalimu Yohana alikuwa akimfundisha Kiswahili, na kwa shukrani yule bwana alimwambia, "Siku moja chukua watu wako mkatembee majini." Mwalimu akachagua Jumamosi baada ya Pasaka. Tulikuwa saba: Mwalimu na mkewe, Marta, Foibe, mimi, mdogo wangu Yudita wa miaka saba, na mzee Feruzi, mwendesha mashua.

Mzee Feruzi ni Mwislamu wa mjini Dodoma, babu yake alikuja na misafara. Injini anazijua kama mama anavyojua kilio cha mwanawe. Mashua ile ina injini mbili, kubwa na ndogo, naye huziita Bi Mkubwa na Bi Mdogo. Tulipofika Bahi kwa gari moshi, Mwalimu alimwamkia, kisha akamtania, "Mzee Feruzi, wake wawili wa nini kwa ziwa dogo hivi?"

"Mwalimu, wewe una mmoja," akajibu. "Siku akinuna, unakula nini?"

Mama Mwalimu akacheka hadi akashika mbavu. "Anakula vumbi, Mzee! Anakula vumbi!"

Lakini siku hiyo Bi Mdogo hakuwapo. Bwana Mdachi alikuwa ameifungua na kuipeleka Dodoma ikavute maji ya bustani yake. Mzee Feruzi hakufurahi. Akasema, "Basi leo hatuendi mbali, na kila kitu kingine kiwe mahali pake." Akaanza kuhesabu kwa mkono, akigusa kimoja kimoja na kukitaja: kasia, kasia, upondo wa kusukumia mashua, nanga, kamba, kata ya kutolea maji. Alipomaliza akasema, "Alhamdulillahi," akaenda kando kusali adhuhuri.

Ndugu zangu, hapo ndipo nilipokosea!

Wiki ile Mwalimu alikuwa ametufundisha habari za mwanafunzi wa Yesu aliyeshuka chomboni akatembea juu ya maji. Foibe akasema bwenini, "Na hakuchukua kasia!" Neno hilo likanikaa. Nikaona kasia ni shaka ya mti. Nikaona upondo ni kama kumwambia Mungu, wewe ukishindwa, mimi nina fimbo yangu. Basi mzee yule alipokuwa amesujudu, na wenzangu wanafungua kikapu cha chakula, nikachukua makasia mawili na upondo, nikayalaza ndani ya matete nyuma ya gati. Hakuna aliyeniona. Moyo wangu ulikuwa mweupe kabisa! Nilijihisi mtakatifu. Nawaambia kweli, sijawahi kufurahi vile.

Tukaondoka. Ee, ilikuwa raha! Bata waliruka, Yudita alitia vidole majini akapiga kelele, Marta akaanzisha wimbo. Mama yetu alikuwa amenipa Yudita pale stesheni Ihumwa akisema neno moja tu: "Umrudishe." Nikamshika gauni kwa nyuma.

Tulipofika katikati, injini ikakohoa. Ikakohoa tena. Ikanyamaza. Magugu yalikuwa yamejizungusha kwenye rafadha, lile panga la nyuma linalosukuma maji, na mzee Feruzi alipoinama kuyakata akakuta pini inayoishika imevunjika. Hakushtuka hata kidogo.

"Bi Mkubwa amenuna," akasema. "Binti, nipe kasia."

Alikuwa ananiambia mimi, kwa kuwa nilikaa karibu. Nikazidi kumshika Yudita gauni.

Akatafuta mwenyewe. Chini ya viti. Chini ya kikapu. Akainua hata kanga ya Mama Mwalimu. Wakati huo upepo, mnaujua upepo wetu wa alasiri, ulikuwa umeanza kutusukuma kuelekea upande wa mbali, ambako viboko walikuwa wanatoa masikio. Na maji yakaanza kuingia. Mashua ile hukaa miezi mingi juu ya magogo ziwa likikauka, mbao zinasinyaa kwa jua, na safari hii ilikuwa imelowekwa siku mbili tu. Miguu ya Yudita ikalowa.

"Mzee, umeyasahau nchi kavu," Mwalimu akasema.

"Nimeyahesabu kwa mkono huu!"

"Umesahau, Mzee. Uzee huo."

Ndugu zangu, nilimwona mzee yule akiutazama mkono wake. Alikuwa anaanza kutouamini. Kisha uso ukamwangaza kidogo, akasema, "Basi yameanguka majini tulipopiga kona kule. Mti unaelea. Siyo mbali, nitaogelea nikayalete." Akavua kofia, akampa Mwalimu. Akavua kanzu.

Mzee wa umri ule! Maji yenye viboko! Anakwenda kutafuta kitu ambacho hakipo, na mimi peke yangu ndiye ninayejua kwamba hakipo!

Niliomba. Ee, niliomba! Nikasema, Bwana, geuza upepo. Bwana, washa injini. Bwana, fanya lolote ila usinifanye niseme. Upepo haukugeuka. Mzee Feruzi akaweka mguu mmoja ukingoni. Na mimi mdomo ulifungwa vilevile kama darasani. Nikajua kabisa: nikinyamaza, mtu huyu anakufa, na watasema alikufa kwa kusahau.

Ndipo sauti ikatoka. Siyo nzuri, ilikuwa kama ya mbuzi. "Ni mimi! Babu, usiruke! Ni mimi niliyeyatoa! Yako kwenye matete!"

Yudita akageuka kunitazama.

Mwalimu akauliza polepole, "Uliyatoa kwa nini, Raheli?"

"Ili nimwamini Mungu."

Mzee Feruzi alibaki na mguu mmoja ukingoni, amevaa suruali tu, ananitazama. Nilingoja anipige. Akashusha mguu.

"Binti," akasema, "Bi Mkubwa amenuna, Bi Mdogo yuko bustanini kwa Mdachi, na wewe ukaona ufukuze hata majirani?"

Foibe akacheka, kisha akalia, vyote pamoja.

Lakini mzee hakupoteza muda. Alikuwa sasa anajua alichonacho na asichonacho, basi! Akatupa nanga. Iliburutika, iliburutika, ikashika! Mashua ikageuza pua ikatazama upepo na kusimama. Nanga sikuwa nimeitoa, ndugu zangu, si kwa akili, bali ilikuwa nzito kwangu. Bwana asifiwe kwa uzito wa ile nanga!

"Sasa tunangoja," akasema. "Upepo huu ni mfanyakazi wa reli, jua likishuka naye anaenda kwake. Nyinyi tekeni maji mmwage."

Tukateka. Mama Mwalimu alikuwa na vibuyu viwili vya togwa. Togwa tukainywa, kibuyu kimoja tukakiziba vizuri na kukifunga kifuani kwa Yudita, akianguka majini kimshikilie juu. Cha pili Mwalimu alikikata kwa kisu kikawa kata nyingine. Tulimwaga kwa zamu, wawili wawili, maji yakawa hayapandi tena. Mzee Feruzi akang'oa mbao mbili za viti, akazichonga mashiko. Mwalimu akamwambia, "Mzee, nilikuvunjia heshima. Nisamehe."

"Nimekusamehe. Teka maji."

Na kweli jua lilipoelekea chini upepo ukalegea, kisha ukaisha. Tukavuta nanga. Tukapiga maji kwa mbao za viti, tumeketi juu ya kikapu na juu ya magoti yetu, na Marta akaimba ili mikono iende pamoja. Tuligusa gati kungali na mwanga. Yudita alishuka wa kwanza, na kibuyu chake kifuani, akauliza kama kesho tutaenda tena.

Makasia yalikuwa pale pale kwenye matete. Niliyabeba mwenyewe, nikampa mzee kwa mikono miwili, nikapiga magoti. Akaniambia jambo ambalo nimeliandika siku ile ile nisije nikalisahau. Alisema, "Mimi nilikwenda kusali nimeshahesabu, na sikuona kwamba namdharau Mungu. Nimemwomba anifikishe. Kasia ni sehemu ya kufika."

Nililala usingizi mzuri usiku ule. Nilikuwa nimeogopa kwamba nikijulikana nitakufa kwa aibu, na tazama, sikufa! Jumatatu nilimwandikia mama yote. Akanijibu kupitia kwa mwandishi wa stesheni: kila mwaka yeye huomba mvua, na kila mwaka huacha kilindo kimoja, lile pipa la gome la mti, kimejaa mtama bila kukigusa, na mvua yenyewe haijawahi kulalamika. Nilicheka peke yangu hadi wenzangu wakauliza nina nini.

Ndugu zangu, mimi namshukuru Mungu. Namshukuru kwamba hakunipa muujiza nilioutaka. Angewasha ile injini, ningekuwa bado ni mwongo nyuma ya nguzo, na mzee wa watu angebaki anautilia shaka mkono wake maisha yote. Aliniokoa kwa kunifungua kinywa. Nilidhani imani ni kutoa vitu chomboni. Sasa naona aliyetupa injini ndiye aliyeotesha na mti wa kasia, naye hachukii tukivitumia vyote viwili.

Kwa hiyo nakualika wewe unayeogopa. Mtumaini Bwana! Mtumaini na nanga ikiwa mahali pake. Na kama kuna jambo umelificha, na mtu mwingine yuko ukingoni anataka kuruka kwa ajili yake, sema sasa. Sauti ikiwa ya mbuzi, sema tu. Haiumi kama unavyofikiri.

Nilimwambia mzee Feruzi kwamba leo nitasimama mbele yenu. Alifikiri kidogo, kisha akasema, "Haya, sema. Lakini waambie na pini mpya imeshatiwa, wasije wakaogopa kupanda." Basi nimewaambia. Jumamosi ijayo tunakwenda tena, na mama amekubali Yudita aje. Nafasi zipo mbili. Amina.