Kitindamimba Avuka Mstari

Mbele yangu kwenye treni, mama mmoja fundi cherehani alikuwa akitazama mbio za baiskeli kwenye simu. Kitindamimba wake alikuwa humo, kazi yake kumkatia upepo mwenzake mwenye kasi hadi karibu na mwisho. Kinyozi aliyekaa pembeni, mashine zake mapajani, alishajipa ukocha.

"Mama, mwanao anaongoza. Barabara imenyooka kama meza. Mwambie akaze."

"Nimwambie kupitia dirisha hili?"

Mara kijana akajitoa pembeni, wenzake wakampita kama walioitiwa chakula. Kinyozi akashika kichwa. Mama akapiga kigelegele, behewa zima likageuka.

"Mama, amepitwa na kundi zima."

"Wapite salama. Mwaka jana aligombania ushindi nao hapo mwishoni, akaacha meno mawili kwenye lami."

"Lakini mbio ni kushinda."

"Na kutafuna je?"

Niliangalia nje, nipate kucheka kwa adabu. Treni ikasimama. Kinyozi akashuka akinung'unika kwamba angekaza kidogo tu. Kwenye simu, kijana alikuwa akivuka mstari nyuma kabisa, anacheka.

"Kocha, rudi uone," mama akaita mlangoni. "Meno yaliyobaki yote yapo."